Sanduku la Kura na Mzani wa Korosho

Tangu mwaka 2000, uchaguzi wa madiwani Tanzania Bara unafanyika siku moja na ule wa wabunge na rais, na kwa kawaida siku hiyo huangukia Oktoba. Oktoba ndio mwezi ambao korosho za Kusini huanza kuingia sokoni. Kwa hiyo kila baada ya miaka mitano mkazi wa wilaya ya Tunduru hukuta foleni mbili katika msimu mmoja: foleni ya kituo cha kupigia kura, na foleni ya ghala la chama cha msingi cha ushirika, ambako magunia yake hupandishwa kwenye mzani na kuandikwa kabla ya mnada. (Mwaka 2005 foleni hizo ziliachana kidogo, kura ziliposogezwa hadi Desemba kwa sababu ya kifo cha mgombea mwenza wa urais.) Historia za uchaguzi huitazama foleni ya kwanza tu: nani alisimama, nani alishinda, chama gani kilizoa kata ngapi. Kwa halmashauri ya wilaya, nadhani mtazamo huo unatufikisha nusu ya njia. Watu wa Tunduru wamekuwa na sauti katika kupata viongozi wao wa karibu, kwa namna moja au nyingine, karibu katika kila zama. Kilichopanda na kushuka ni kile alichokabidhiwa mtu baada ya kuchaguliwa, na kipimo chake kilicho wazi kuliko vyote ni ushuru: nani anapanga kiwango, nani anakusanya, nani anaamua fedha ziende wapi.

Ukubwa wa wilaya yenyewe unalifanya swali hili kuwa zito. Tunduru ina kilomita za mraba 18,778, eneo linaloizidi nchi nzima ya Eswatini, na sensa ya 2012 ilihesabu humo watu 298,279. Diwani wa Lukumbule, karibu na mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji, na diwani wa Matemanga, upande wa barabara ya Songea, hukaa baraza moja huku wapiga kura wao hawajawahi kuonana. Songea, makao makuu ya mkoa, iko zaidi ya kilomita 250 magharibi, na kabla ya lami ya miaka ya karibuni, masika yalitosha kuukata mji wa Tunduru na mkoa wake. Wilaya ya namna hii, kama haina chombo chake chenye fedha zake, mambo yake huamuliwa na mtu aliye mbali sana.

Tuanze kabla ya karatasi za kura. Kwa Wayao, kama kwa Wamakua walio jirani zao, ukoo hufuatwa upande wa mama, na cheo humwendea mpwa, mtoto wa dada. Mkubwa wa kijiji alikuwa mwenye mbumba, yaani kaka aliyewatunza dada zake na watoto wao. Ni rahisi kuona hapo urithi mtupu, lakini wapwa huwa wengi, na wazee hukaa kikao kupima yupi anafaa. Tena uamuzi wa wazee haukuwa wa mwisho. Kijiji cha Kiyao kilikuwa chepesi kumeguka: ndugu akichoshwa na mkubwa wake, alikusanya mbumba yake akaenda kufyeka msitu mahali pengine, na mkubwa aliyebaki na vibanda vitupu alikuwa amekwisha hata kama jina la cheo alikuwa nalo bado. Ardhi ilikuwa tele, kwa hiyo miguu ilikuwa kura. Sisemi kwamba hiyo ilikuwa demokrasia. Watumwa waliopitishwa katika njia za misafara ya Kiyao kwenda Kilwa hawakuulizwa walikotaka kwenda. Nasema kwamba mkubwa alijua vizuri sana nani anaweza kumwondoa.

Waingereza waliligeuza jambo hilo juu chini, na waliligeuza kwa kodi. Sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilimtambua kiongozi wa jadi, ikamwekea baraza la kuamua kesi na hazina iliyopata fungu la kodi ya kibanda na ya kichwa. Kwenye karatasi mtindo huu uliwapa wenyeji madaraka yao, na wapo wanaousifu mpaka leo kwa kuhifadhi mila. Tazama ulivyofanya kazi. Kila mlipa kodi aliandikwa chini ya kiongozi fulani. Kuhama kukawa jambo la kuelezwa ofisini. Mshahara wa kiongozi ulitoka kwenye hazina iliyokaguliwa na Bwana Shauri, yaani ofisa Mwingereza wa wilaya, na kufukuzwa kwake kulitegemea kalamu ya Bwana Shauri huyo huyo. Mtu aliyekuwa akiwaogopa wapwa zake sasa alimwogopa Mzungu mmoja. Hazina ilikuwapo, tena ya wilayani, ila waliotoa fedha hawakuwa na njia ya kumwondoa anayezitumia, hata ile ya kumkimbia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalianza kusogea. Sheria ya serikali za mitaa ya 1953, wakati wa Gavana Edward Twining, iliruhusu mabaraza yenye wajumbe wa kuchaguliwa, lakini palipokuwa na haraka ya kuyaunda, haraka hiyo ilitoka Dar es Salaam zaidi kuliko vijijini, maana mabaraza yalitakiwa yabebe wazo la Twining la ubia wa Waafrika, Wahindi na Wazungu. Kwa wilaya kama Tunduru, yenye Wazungu wa kuhesabika na maduka machache ya Wahindi, ubia huo ulikuwa kichekesho. Ulipofika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, uliopigwa kwa mikupuo miwili, Septemba 1958 na Februari 1959, mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi, na ili aandikishwe alihitaji elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kilichotambuliwa. Mkulima wa Nalasi aliachwa nje ya mlango. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa, lakini TANU, chama kilichopigania uhuru, ilikuwa na nguvu kiasi kwamba kati ya viti 71, wagombea 58 walipita bila kupingwa. Msemo huo tunaousikia sana siku hizi ni wa zamani kuliko uhuru wenyewe.

Miaka kumi iliyofuata ndiyo ninayoiona kuwa kilele kifupi cha halmashauri za wilaya, na ndiyo inayosahaulika upesi. Baada ya uhuru mamlaka za wenyeji ziliondolewa, sheria ya machifu ikafutwa 1963, na mahali pake zikaja halmashauri zenye madiwani waliochaguliwa na watu wazima wote bila sharti la elimu wala kipato. Vikwazo vilikuwapo: wagombea walipitia TANU, na katikati ya miaka hiyo ya 60 mwenyekiti wa chama wilayani akawa ndiye mwenyekiti wa halmashauri. Hata hivyo diwani alikuwa na kitu mkononi. Halmashauri ilitoza kodi yake na ushuru wa mazao, na ikaendesha shule za msingi, zahanati na barabara za wilaya. Kusini, ambako mikorosho ilikuwa imeenea tangu miaka ya 50, ushuru huo ulikuwa fedha ya kweli. Ubovu wa zahanati ya Mbesa au daraja la Nakapanya ungeweza kumfikia diwani kama swali lenye jibu: ushuru wa mwaka jana mliupeleka wapi?

Hapa msomaji anaweza kuuliza, uchaguzi wa chama kimoja ni uchaguzi gani? Pingamizi hilo lina uzito, lakini ushahidi wa 1965 unalipunguza. Mwaka huo kila jimbo lililoshindaniwa lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe, mwingine ya nyumba, na wananchi waliitumia nafasi hiyo finyu kuwaangusha wabunge wengi, pamoja na Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Wingi wa vyama haukuwapo, hofu ya kuanguka ilikuwapo. Kinyume chake, utakuta kata nyingi za zama za vyama vingi ambako jina la diwani lilijulikana siku ya kura za maoni za chama tawala, CCM, na siku ya uchaguzi ilibaki kupigwa muhuri. Idadi ya vyama kwenye karatasi, peke yake, haituambii mengi juu ya nguvu ya kura.

Pigo lilianzia kwenye ushuru kabla halijafika kwenye sanduku la kura. Kati ya 1969 na 1970 serikali ilifuta kodi ya halmashauri na ushuru wake wa mazao. Halmashauri za vijijini zikaanza kuishi kwa ruzuku, na chombo kinachoishi kwa ruzuku hakina wa kukitetea pindi mtoaji akichoka. Mwaka 1972, kwa mpango uliotayarishwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey na kupewa jina la Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa. Jina hilo lilihitaji ujasiri. Madaraka yaliyokwenda mikoani yalikuwa ya watumishi wa serikali kuu. Wilaya ilipata Mkurugenzi wa Maendeleo aliyeteuliwa, na baraza la maendeleo la kumshauri. Miaka minne baadaye, 1976, vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa, na mazao yakanunuliwa na mamlaka za serikali. Kwa mkulima wa korosho wa Tunduru, ndani ya miaka minne vilitoweka vyombo viwili vilivyokuwa na viongozi aliowachagua na vilivyogusa fedha ya zao lake.

Watetezi wa kipindi hicho wana hoja ambayo si haki kuipita. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, elimu ya msingi kwa wote ilijenga madarasa mahali ambapo halmashauri ya zamani haikufika. Visima na zahanati vilifuata vijiji vipya. Na sheria ya 1975 ilimpa kila kijiji kilichoandikishwa halmashauri yake ya watu 25. Kwa nini tulilie baraza la wilaya kama kijiji kilipata shule? Jibu langu liko shambani. Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, ambayo katika mikoa ya mpakani ilichanganyika pia na hofu ya vita vya Msumbiji, iliwatenga wengi na mikorosho yao. Bei ilidorora, mashamba yakaingiwa na msitu, kisha ukaja ugonjwa wa ubwiri unga. Korosho zilizouzwa nchini zilikuwa kama tani 145,000 msimu wa 1973/74. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Sidai kwamba kuvunjwa kwa halmashauri ndiko kulikouangusha mkorosho, na ubwiri unga haumwogopi diwani. Nadai kwamba zao lilipokuwa linaanguka, hapakuwa na kiongozi hata mmoja wa ngazi ya wilaya, aliyechaguliwa na wakulima, ambaye kuanguka huko kulimkata mapato na hivyo kumlazimisha apige kelele. Serikali ya kijiji ilikuwa ndogo mno, na mkurugenzi alisubiri maelekezo. Mwalimu Nyerere mwenyewe, akikaribia kung'atuka, alikiri hadharani kuwa kuvunja serikali za mitaa na ushirika ni mambo mawili ambayo asingeyarudia.

Halmashauri zilirudi kwa sheria ya 1982. Madiwani wakachaguliwa 1983, na kazi ikaanza Januari 1984. Pamoja nao ilirudi kodi, safari hii ikiitwa ya maendeleo, na haikupendwa hata kidogo. Mgambo walifunga njia siku za gulio, wanaume wakaingia porini, na stakabadhi ya kodi ikawa inatunzwa mfukoni kama kitambulisho. Mwaka 2003 ilifutwa pamoja na tozo nyingine zilizoitwa kero, na ni wachache waliosikitika. Hapa najua nasimama peke yangu kidogo. Kodi ile ilikuwa ya kibabe na ilimlemea maskini sawa na tajiri. Kuifuta kulikuwa haki. Lakini aliyekimbizwa na mgambo alikuwa na sababu ya kwenda kwenye mkutano wa kata kuuliza fedha yake imefanya nini. Fidia iliyotumwa na Hazina badala ya kodi hiyo ilimwondolea mwananchi bughudha, ikamwondolea na swali.

Kilichobaki Tunduru ni korosho. Kuna madini pia, na mtu angetegemea yawe mkombozi: kuanzia katikati ya miaka ya 90 mto Muhuwesi na vijito vyake vilijaa wachimbaji wa yakuti, aleksandrite na mawe mengine ya thamani, na wanunuzi kutoka Thailand na Sri Lanka wakapanga vyumba mjini. Lakini jiwe linaweza kuingia kwenye kiberiti na kuondoka na basi la asubuhi, na leseni yake hutolewa na serikali kuu. Gunia la korosho haliwezi kufichwa hivyo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara 2007 na kuenea Kusini, ulizidi kulifanya lionekane: mkulima anapeleka korosho chama cha msingi, chama kikuu cha TAMCU kinaziuza kwa mnada, na makato yanafanyika kwenye karatasi kabla fedha haijamfikia. Anayekwepa huuza kwa kangomba, kwa bakuli badala ya mzani, na huko ushuru wa halmashauri unapotea pamoja na sehemu ya bei yake mwenyewe. Kwenye karatasi ya makato, mstari wa halmashauri ni mmojawapo tu, lakini ndio mstari unaoliweka hai baraza la madiwani.

Nani anaamua mstari huo uwe na urefu gani? Mwaka 2017 Bunge lilishusha ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3. Kwa mkulima lilikuwa jambo jema, na diwani aliyelalamika angeonekana adui wa wapiga kura wake. Hata hivyo si madiwani wa Tunduru walioamua. Juni 2018 ushuru wa kusafirisha korosho nje ulielekezwa wote Mfuko Mkuu wa serikali, wabunge wa Kusini wakipinga. Novemba mwaka huo Rais Magufuli aliagiza jeshi likasombe korosho na serikali izinunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na halmashauri za ukanda mzima zikajikuta zikimsubiri mnunuzi ambaye ndiye pia mkubwa wao. Katika miaka hiyo hiyo barabara za wilaya zilihamia wakala wa serikali kuu, TARURA, 2017, na maji ya vijijini yakahamia wakala mwingine, RUWASA, 2019. Sikiliza mkutano wowote wa kampeni za udiwani: barabara, maji. Mgombea huahidi vitu viwili vilivyokwisha ondolewa katika ofisi anayoiomba. Hata katika mapato ya ndani yanayobaki, asilimia 10 imekwisha pangwa na sheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni matumizi mema, ila yameamuliwa kabla kikao hakijafunguliwa.

Ipo hoja kwamba nazunguka mbuyu: kura imedhoofishwa na siasa, na ushuru ni kisingizio. Mkurugenzi wa halmashauri, anayeteuliwa na rais, ndiye aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi. Mahakama Kuu ilikataa utaratibu huo Mei 2019, na Mahakama ya Rufani ikaurudisha Oktoba mwaka huo huo. Mwezi uliofuata vyama vikuu vya upinzani vilisusia uchaguzi wa vijiji na vitongoji, baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa. Yote hayo ni kweli, na siwezi kuyafanya madogo. Lakini tazama jinsi siasa za ukanda wa korosho zilivyokwenda mahali ambapo karatasi ya makato ilichoma. Aprili 2013, Liwale, wakulima waliolipwa malipo ya pili pungufu ya walivyotarajia walichoma nyumba za viongozi wa chama tawala. Miaka miwili baadaye chama cha upinzani cha CUF kilichukua majimbo ya Tandahimba na Mtwara Mjini. Watu waliosemwa kuwa wanapiga kura kwa mazoea waliamka pale walipoiona fedha yao kwa macho na kujua imekatwa na nani. Uhusiano huo haujakamilika kama ushahidi, kwa sababu 2015 ilikuwa na mengine mengi, likiwemo sakata la gesi ya Mtwara. Unatosha kuonyesha kwamba mzani na sanduku haviko mbali hivyo.

Ndiyo maana naona uhai zaidi siku hizi katika ngazi ya chini kuliko ya kati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliipa serikali ya kijiji kitu cha kushika, yaani ardhi, na ikautaka mkutano mkuu wa kijiji uwe na neno katika kuigawa. Katika wilaya ambako mifugo imeingia kwa wingi kutoka kaskazini, na ambako vijiji vya Nalika vimetenga ardhi kwa jumuiya ya wanyamapori, mwenyekiti wa kijiji ana saini inayoweza kumtajirisha au kumponza. Diwani, mwenye kata nzima na posho ya kikao, anaweza asiwe nayo.

Siku hizi hata geti la mazao limebadilika. Kijana aliyekaa kwenye benchi kando ya mti uliolazwa barabarani hana tena kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni. Ana mashine ndogo ya kukusanyia mapato, iliyounganishwa na mfumo wa TAUSI unaosimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayoshughulikia serikali za mitaa. Wizi wa vitabu umepungua, na hilo ni jema. Shilingi inayolipwa kwenye geti la Nakapanya inaweza kuonekana Dodoma kabla jua halijazama. Diwani wa Nakapanya huiona kikao cha robo mwaka kinapofika, imejumlishwa na nyingine zote, kwenye makabrasha aliyogawiwa asubuhi hiyo.